Mwaka wa Kumi Bila Kuingia Hospitali

Mmeniandikia kwenye grupu letu la watunza wazee kwamba mnataka neno la kufunga mwaka, nizungumzie kujipenda ili mtu aishi na afya. Nilisoma ujumbe huo jikoni kwangu hapa Rooty Hill nikacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Mmoja wenu akaongeza niwe mfupi na niwatie moyo. Ufupi nitajaribu. Moyo mtautafuta wenyewe mkishamaliza kusoma, kwa maana hadithi niliyo nayo ni moja tu, ni mbaya, na mkono wangu umo ndani yake.

Kwa wasionijua, naitwa Wairimu. Nyumbani Nakuru nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu, nafundisha wasichana kushona na kuoka keki. Nilipofika Sydney nikiwa na miaka arobaini na mbili, vyeti vyangu havikumsisimua mtu yeyote, nikaingia kazi ya kutunza wazee. Nimeifanya karibu miaka ishirini. Nimeosha, nimelisha, nimegeuza, nimevalisha, nimeimba nyimbo nisizojua maneno yake, nimeitwa majina ya watoto wa watu na ya mbwa wa watu. Sijutii. Ni kazi ya maana, na anayeidharau siku yake inakuja ya kuoshwa.

Sasa sikilizeni. Kazi yetu inaanzia miguuni. Kwenye ile kozi yenu ya wiki chache hamkufundishwa hivyo, mlifundishwa kubonyeza kompyuta. Sisi tulianza na daftari kubwa na kalamu iliyofungwa uzi isiibiwe. Siku hizi kuna kioo kinakuuliza maswali: ngozi iko sawa? Unabonyeza ndiyo. Amekula? Ndiyo. Unabonyeza ndiyo kumi na tano bila hata kumfunua mtu blanketi, na mkubwa wako anafurahi kwa sababu kila kitu kimegeuka kijani. Haki ya Mungu, kile kioo nilitaka kukitumbukiza kwenye beseni.

Mimi mguu nilifundishwa na aibu. Wiki yangu ya tatu kazini nilimchoma mzee. Ndiyo, nilimchoma. Alikuwa mama mpole mwenye ugonjwa wa sukari, miguu yake imekufa ganzi. Nikatia maji kwenye beseni, nikajaribu kwa mkono, nikaona ni ya vuguvugu. Lakini huu mkono wangu umegeuza chapati bila kijiko tangu nikiwa msichana mdogo. Huo ni mkono au ni koleo? Nikaiweka miguu ya yule mama majini, naye akaendelea kunisimulia habari za paka wake. Mimi sikusikia moto, yeye hakusikia moto, tukawa watu wawili tunapiga soga juu ya miguu inayoiva.

Aliyetuokoa alikuwa Sista Luz, muuguzi Mfilipino mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliiinua ile miguu, nyekundu kama nyanya, akaipoesha, akaifunika, akaandika ripoti iliyonikosesha usingizi wiki nzima. Halafu akanirudisha kwenye beseni lile lile, akakunja mkono wa shati langu na kutumbukiza kiwiko changu majini. Niliruka. Akasema, "Kuanzia leo ni kiwiko. Na kila ukiingia chumbani angalia miguu kwanza, uso baadaye. Uso utakuambia niko sawa."

Basi Sista Luz akanifanya mtu wa miguu. Akanifundisha kutenganisha vidole kimoja kimoja, kwa sababu kidonda kinapenda kujificha pale katikati. Kuinua kisigino na kutazama chini yake. Kuweka mgongo wa mkono juu ya mguu mmoja halafu mwingine, uone kama mmoja una joto kuliko mwenzake. Kutazama soksi kabla ya kuitupa kwenye kapu, na kuinusa, ndiyo, kuinusa, kwa maana pua inapata habari siku kadhaa kabla ya jicho. Nilikuja kuwa hodari. Masista wenyewe walikuwa wananiita nije ninuse. Nilijivunia jambo hilo, nami nawaambia mapema kwamba majivuno hayo ni sehemu ya hadithi.

Kila Desemba tulikuwa na kazi moja niliyoipenda. Kabla mwaka haujaisha tulikaa na kila mzee, mmoja mmoja, na kupitia mwaka wake. Amepungua kilo au ameongezeka? Analala? Dawa anameza au anaficha chini ya mto? Nini kinamfurahisha? Nini kinamuuma ambacho hasemi? Tulikuwa tunachukua saa nzima kwa mtu mmoja, tunaandika, tunabadilisha. Wazee arobaini, saa arobaini. Na sisi tuliokuwa tunauliza maswali hayo, Wakenya, Wakongo, Wanepali, wengine wana presha, wengine wana sukari, wengine matiti yao hayajaguswa na daktari tangu walipoacha kunyonyesha, nani alituuliza? Hakuna. Na sisi wenyewe tuliulizana? Tulisalimiana. Habari, nzuri, Mungu ni mwema, tukapita.

Hapo ndipo Neema anapoingia.

Neema alitoka Uvira, upande wa Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku na binti yake mmoja, Solange. Mume alimzika njiani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mnene kiasi, kicheko chake kinasikika hadi jikoni. Alikaa Campbelltown kwenye nyumba ya serikali na kuja kazini kwetu upande wa Blacktown kwa treni mbili, halafu anapanda kile kilima kwa miguu. Hakuwahi kuchelewa. Wazee walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, nami sikumwonea wivu sana. Kiswahili chake na changu viligongana kila siku. Mimi nikisema hivi, yeye anasema vile, tunatukanana kwa mapenzi. Alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote katika nchi hii.

Kanisani kwetu, wengi wenu mnajua, Jumapili ya mwisho ya mwaka ni ibada ya shukrani. Watu wanapanga foleni mbele ya maikrofoni, kila mmoja anasema Mungu amemtendea nini. Yule amepata karatasi za kukaa, huyu amezaa, yule mtoto wake amemaliza chuo. Neema alikuwa na ushuhuda wake mmoja tu, na kila mwaka tuliungoja. Alikuwa anasimama pale na kitenge chake cha mwaka huo, anashika maikrofoni kwa mikono miwili na kusema, "Mwaka muzima sikuingia hospitali! Sikukosa kazi hata siku moja!" Ukumbi unalipuka. Akinamama vigelegele, pasta anaruka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa tisa. Tulihesabu naye. Watu walikuwa wanamsimamisha baada ya ibada wamshike mkono, ati wapate hiyo neema ya afya.

Nikiwaza sasa naona ujinga wetu. Tulimpigia mtu makofi kwa sababu hajaonwa na daktari. Sukari alikuwa nayo, aliambiwa mara moja na daktari wa mtaani, akapewa tembe. Lakini tembe si kuingia hospitali, basi haikuhesabiwa.

Mwaka wa kumi ulipokaribia kuisha, Neema alinunua viatu vipya vya kazi. Vyeusi, vigumu, vya nusu bei. Mapema Desemba nikamwona anatembea kwenye ukumbi mrefu akikanyaga kwa kisigino. Kidogo sana, mwingine asingeona. Nilimfuata hadi stoo ya mashuka, nikafunga mlango.

"Vua kiatu."

"Kiatu gani? Weye acha mambo yako, dada. Nko bien."

"Neema, vua kiatu au nakuvua mimi."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akakaa juu ya kapu la mashuka, akavua. Soksi ilikuwa nyeupe, na chini ya kidole gumba ilikuwa na doa la rangi ya chai. Sikuhitaji kuishika. Harufu ilinifikia nikiwa nimesimama.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mimi si mtu aliyedanganyika. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa na masista kuja kunusa. Kile kilikuwa kidonda cha sukari, upana wake kama sarafu ya shilingi ishirini ya kwetu, kingo zake zimeanza kuwa nyeusi, na ndani kinatoa usaha. Mguu wa kushoto ulikuwa na joto kuliko wa kulia. Yeye mwenyewe hakujua hata lengelenge lilipasuka siku gani, kwa sababu hakusikia kitu. Kama angekuwa mzee wangu mmoja wa chumba cha sita, ningepiga kengele na gari la wagonjwa lingekuwa njiani kabla sijamaliza sentensi. Sista wa zamu alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale. Nimezihesabu baadaye, siku nyingi baadaye, nikiwa peke yangu.

Nikamwambia, "Leo hii unakwenda hospitali."

Akanishika mkono wa nguo. "Dada Wairimu, siku makumi mbili na tatu zimebakia. Miye nataka nifike miaka kumi. Kumi, dada. Nikisha kutoa ushuhuda, kesho yake naenda. Ntalala huko hata mwezi, kama banataka. Lakini usiambie mutu."

"Huu mguu haungoji ushuhuda."

"Mungu iko," akasema. "Na weye uko. Mukono yako iko muzuri kuliko ya docteur."

Ndiyo maneno yaliyoniangusha. Si "Mungu iko"; hayo nimeyasikia nikayavuka. Ni hayo ya mkono wangu. Nilifurahi. Nikiwa nanusa kifo cha mguu wa rafiki yangu, bado kulikuwa na mahali ndani yangu palipofurahi kusifiwa. Nikachukua maji ya chumvi, pamba na bandeji kutoka kwenye toroli la wagonjwa, nikapiga magoti na kukisafisha.

Kwa hiyo tukawa na siri, na siri ikawa na sababu zake nyingine. Bandeji za wagonjwa kutumia kwa mfanyakazi ni kufukuzwa kazi, sote wawili. Baada ya siku ya kwanza nisingeweza tena kwenda kwa sista bila kujitaja. Na Desemba ndiyo mwezi wa rosta ya zamu kutafuna watu: wenye nchi wanataka kuwa na familia zao, sisi tunaulizwa kama tutashika zamu na kukubali kabla swali halijaisha. Neema alikuwa na zamu kila siku ya Mungu, na mara nyingine mbili kwa siku. Nilimfunga kidonda kwenye ile stoo asubuhi kwa asubuhi, yeye amekaa juu ya kapu, mimi nimepiga magoti, halafu tunatoka kwenda kuosha miguu ya watu wengine.

Siku ya sita au ya saba niliona kinazidi. Nikamuuliza, tembe zako unameza? Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Si tuko na funga?"

Ee Mola. Kanisa lilikuwa kwenye mfungo wa kufunga mwaka, siku ishirini na moja, unakula jioni tu. Nami nilikuwa nafunga pia, na sikukumbuka kabisa kuhusu tembe zake.

"Funga na tembe vinahusiana nini?"

"Kwenye boîte ya tembe baliandika: meza baada ya chakula. Miye sikule muchana. Ntamezaje baada ya chakula na chakula haiko?" Alisema kwa utulivu, mtu aliyefuata maagizo. "Na jioni nikisha kula, usingizi inanibeba."

Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Nikamwambia Mungu hajamwomba mtu mwenye sukari akae na njaa huku akigeuza wazee wa kilo tisini. Akalia kidogo, akaahidi kumeza na uji. Sijui kama alimeza. Sikuuliza tena kwa sababu sikutaka kusikia jibu. Na mimi ndiye yule yule aliyeuliza wazee wote arobaini swali la dawa Desemba ile ile, chumba kwa chumba, na kuandika majibu yao kwa mwandiko mzuri.

Na kwa nini sikumburuta? Nimekaa na swali hilo kuliko nilivyokaa na maombi yoyote. Niliogopa kufukuzwa, hilo ni kweli. Nilijivunia mikono yangu, hilo pia ni kweli. Lakini lipo la tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaonana na daktari miaka minne. Kichwa kilikuwa kinanigonga kila asubuhi na nikakiita uchovu. Kama ningesema Neema ni mgonjwa, mgonjwa wa kweli wa kulazwa, ingenibidi nijitazame na mimi. Ilikuwa rahisi zaidi kumfunga bandeji.

Jumapili ya mwisho ikafika. Mnajua joto la Sydney siku hizo, bati la ule ukumbi wa shule tunaokodi lilikuwa linalia. Kila mtu analowa jasho, watoto wamelala sakafuni. Neema alikuwa na homa. Nilimgusa shingoni tuliposalimiana nikajua, lakini katika chumba cha watu mia mbili wanaotoka jasho, ni nani mwingine angejua? Akasimama kwenye foleni zaidi ya nusu saa na kitenge cha manjano, mimi nikiwa kwenye kiti cha tatu, natazama kiatu chake cha kushoto.

Akashika maikrofoni. "Miaka kumi!" Hakumaliza. Ukumbi ulipanda juu. Pasta alimkumbatia, ngoma zikaanza, na Neema akacheza. Aliruka, watoto wangu. Aliruka juu ya ule mguu, mara nne, mara tano, uso wake unang'aa, kwa sababu mguu haukuwa unamwambia chochote. Solange alikuwa anampiga picha kwa simu.

Nami nilipiga makofi. Nilipiga na vigelegele, vikubwa kuliko vya wote, nikiomba mwaka uishe upesi.

Jumatatu hakwenda hospitali. Alinitumia sauti kwenye simu, pumzi imekatika, kwamba wamemwomba ashike zamu moja tu ya mwisho, kesho hakika anakwenda. Nilimjibu, "Sawa, lakini kesho." Sawa. Hilo ndilo neno nililomwandikia. Jumanne asubuhi Solange akapiga simu. Mama yake alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo chumbani, hamtambui.

Nilifika hospitali wameshaukata mguu chini ya goti. Siku mbili baadaye wakakata juu ya goti. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Daktari mmoja kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuja kutueleza mimi na Solange koridoni. Akasema jambo moja linamshangaza. Kidonda kilikuwa cha wiki nyingi, lakini kilikuwa kimefungwa vizuri kila siku. Akasema aliyekifunga anaijua kazi yake. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anasifu.

Solange alikuwa na miaka kumi na tisa, anasoma chuo cha ufundi pale Campbelltown. Aligeuza kichwa polepole, akanitazama mikono, halafu uso.

"Tantine," akasema, kama alivyozoea kuniita shangazi, "you knew? Ulijua?"

Nikasema ndiyo. Sikuongeza la mama yake kuniomba nisiseme. Nilitaka sana kuliongeza, lilikuwa mdomoni, lakini nikalimeza. Yeye akaondoka akaenda kusimama dirishani.

Neema alifariki wiki ya pili ya Januari. Alikuwa amepata fahamu mara moja tu, kwa kitambo kidogo. Akatazama blanketi lilivyolala tambarare upande wa kushoto, akaniuliza kiatu chake kiko wapi. Nikamwambia kiko salama. Akafumba macho. Hakuna neno la hekima alilosema, msiamini watu wanaowaambia kwamba wanaokufa huacha maneno ya hekima. Wengi huuliza viatu.

Kwenye mazishi ukumbi ulijaa. Watu walisimama mmoja mmoja na kusema Neema alikuwa mwenye nguvu. Hakukosa kazi. Miaka kumi hakuingia hospitali. Walilisema hilo tena na tena, na pasta naye akalisema, na wengine wakaitikia amina. Nilikuwa na nafasi yangu ya kuzungumza, imeandikwa kwenye ratiba, rafiki wa marehemu. Nikasimama, nikasema alikuwa mcheshi, nikakaa. Hayo tu. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikirudi kwenye kiti kile.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa daktari wa mtaani. Presha yangu ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima mara tatu akidhani mashine imeharibika. Sukari ilikuwa inapiga hodi. Nikalazwa mara mbili mwaka ule, nikapasuliwa uvimbe tumboni ambao nilikuwa nauita kunenepa. Sasa nina kioo kidogo nakiweka sakafuni kila asubuhi na kupitisha nyayo zangu juu yake. Natenganisha vidole. Nanusa soksi zangu. Mjukuu wangu ameniambia, "Shosh, that's gross," ati bibi, ni kinyaa, na nikamwambia alete zake pia. Mwisho wa mwaka nakaa mezani na kujiuliza yale maswali ya wazee, kwa sauti, na kuyaandika: umelala vipi, nini kinakuuma ambacho husemi. Kujipenda ninakokujua mimi ni huko. Hakuna mshumaa, hakuna wimbo. Ni kuufanyia mwili wako kazi ambayo ungeona aibu kutoifanyia mwili wa mgeni.

Na wewe uliyefunga, mwenye tembe kwenye mkoba, tafadhali. Mpigie daktari au mfamasia umwambie unafunga, akupangie. Ni simu ya dakika tano. Usijitafsirie karatasi ya dawa peke yako. Na ukiwa na rafiki anayekwambia usiambie mtu, ujue hapo hapo kwamba wakati wa kunyamaza umeshapita. Mpeleke akikulilia, mpeleke akikutukana. Afadhali akukasirikie akiwa na miguu miwili.

Desemba ya mwaka ule ule nilisimama kwenye foleni. Sikumwambia pasta nitasema nini. Maikrofoni ilipofika kwangu nikasema, "Mwaka huu nimelazwa hospitali mara mbili, na ninamshukuru Mungu kwa mara zote mbili." Watu walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha wangu. Nikaendelea. Nikasema, Neema hakuwa mzima mwaka jana alipocheza hapa. Nikasema nilijua. Nilikuwa namfunga bandeji stoo, nikakaa pale kiti cha tatu nikapiga vigelegele, na kwenye mazishi yake nikawadanganya tena kwa kukaa kimya.

Hakuna aliyepiga makofi. Ngoma hazikulia. Mzee mmoja wa kanisa aliinama akatazama viatu vyake. Halafu kutoka nyuma mama mmoja akasema, bila maikrofoni, kwamba yeye ana uvimbe titini tangu Pasaka na hajamwambia mtu. Mwanamume mmoja, fundi wa magari, akasema hajameza tembe za presha tangu mfungo uanze. Wakawa watu sita au saba kabla pasta hajapata sauti yake. Yule mama wa titi tulimzika Juni. Yule fundi yupo.

Nilipotoka nje Solange alikuwa amesimama kwenye jua, karibu na uzio wa shule. Hatukuwa tumezungumza karibu mwaka mzima. Nilidhani amekuja kunisamehe, mzee hupenda kujidanganya. Alisema kwa kile Kiswahili chake anachokielewa kuliko anavyokisema, akitafuta neno moja moja:

"Tantine, hii maneno... ungeisema mwaka ile."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Akaenda zake kituoni, na mimi nikabaki pale mpaka ukumbi ukafungwa.

Jumapili ya mwisho ya mwaka huu bado haijafika. Mnazo siku kumi na moja za kusema kinachowauma.